Tundu la Nyonga

Mzee Mbwarali, aliyeuchimbua mfupa ule wa nyonga kwa mikono yake miaka tisa nyuma, alisimama mbele ya meza ya jumba la makumbusho. Ada ya pale ilikuwa mnyama mpya kupewa jina la aliyemvumbua, naye, kwa kuwa hakujaaliwa mtoto, alikwisha kumwomba Mola jina hilo libaki nyuma yake.

"Mjusi wa kale tu," alisema Dakta Salha, mkuu wa jumba. "Dinosaria hutambulikana kwa tundu la nyonga, pale mfupa wa paja unapoingia. Hapa pamezibika."

"Nimepaziba mimi, mama," akasema mzee. "Nilidhani patasi yangu imetoboa. Nikaona haya, nikatia plasta."

Wasaidizi wawili wakaangua kicheko. "Kumbe tuna daktari wa meno!"

Dakta hakucheka. Alimpa patasi. "Zibua."

Mzee akagonga taratibu, hata plasta ikadondoka na mwanga ukapenya tundu la mviringo, lenye kingo laini ambazo patasi haikupata kuzigusa.

"Dinosaria," akanong'ona Dakta. "Mkongwe kuliko wote tulionao."

"Alhamdulillahi! Basi jina, mama..."

"Kuchimbua si kuvumbua, mzee. Wewe umetufichia miaka tisa." Akaandika jina lake mwenyewe kwenye kibandiko. "Chukua ufagio, uzoe hiyo plasta."

Mzee akainama. Alipoinua uso, Dakta alikuwa ameuinua mfupa kwenye mwanga, na jicho lake moja, likiwa ndani ya lile tundu, lilimtazama bila kupepesa.