Salamu za Bi Ragna

Tunu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, wifi yake Mwanahawa anacheka mpaka machozi.

"Wifi, kule Norwe hakuna utu! Mwezi mzima nimelala kwa yule Bi Ragna, hata siku moja hajaniuliza habari za nyumbani. Supu anakutengea kama anamtengea paka!"

Ulimi hauna mfupa. Tunu aliisahau sheria ya siku hizi: msafiri akiisema vibaya nchi ya watu, maneno yake humfikia mwenyeji wake papo hapo, kwa sauti ya msafiri mwenyewe, na mwenyeji hana budi kujirekebisha mpaka msafiri abonyeze kitufe cha spika yake kwamba ameridhika.

Kesho yake asubuhi spika ya jikoni ikalia. Ilikuwa sauti ya kizee, Kiswahili cha kujifunza ukubwani.

"Hujambo, Tunu? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Na wifi?"

Ikawa hivyo kila asubuhi. Bibi wa watu hakumruka mtu, hata kuku aliwaulizia. Tunu akajibu "salama" huku moyo ukimsuta, hadi akaamua kubonyeza kitufe ampumzishe. Adabu ikamkumbusha kwanza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kumwuliza mwezi ule mzima.

"Na wewe, bibi, habari za nyumbani kwako?"



"Nzuri. Tangu uondoke hakuna mtu." Bibi akakohoa. "Tafadhali, mwanangu, usiridhike upesi."