Waya wa Mguuni

Katika kila nyumba ya mfanyakazi iliyowekewa na kampuni mashine ya kuchanganya unga wa lishe, sheria ilitaka wote waishio humo wafungwe mguuni waya uliounganishwa na bomba la maji la chuma, ili umeme wa mwilini ushuke ardhini, wasije wakatoa cheche na vumbi la unga likalipuka.

“Badala ya kununua feni za kufyonza vumbi lao, wanatufunga sisi kama mbuzi!” alifoka Sikudhani, mmoja wa wafanyakazi hao.

Jumamosi alimfungua bintiye Zubeda ule waya, akampeleka kwa bibi yake, kwenye nyumba isiyo na mashine.

“Njoo unikumbatie, mke mwenzangu!” bibi alimwita akicheka.

Mtoto alirudi nyuma, akaunyoosha mguu kuelekea bomba la maji la uani.

“Mama, nifunge kwanza pale,” alisema. “Nisije nikamlipua bibi.”