Dhoruba Iliyofuta Fainali

Fundi majokofu aliandika neno "Mpumbavu", akalifuta, akaliandika tena kwa herufi kubwa, akalituma.

Lilitua kwenye kundi la simu la Watazama Mawingu, watu saba waliofunga vipimo vya hali ya hewa majumbani mwao. Jioni ile ya Jumamosi walikuwa katika soga zao za kila mwanzo wa mvua: wingu gani limeonekana wapi, timu gani ya mtaa itashuka daraja, radi za mwaka huu zitakuwa kali au la.

"Nani huyo mpumbavu?" aliuliza muuza dawa.

"Ndilo ninalouliza mimi. Nani ametufutia fainali?"

Hasira zilimpanda tangu asubuhi na zilikataa kushuka. Saa mbili, mwalimu wa hesabu, ambaye kompyuta yake ilipokea namba za vipimo vyote, alimpigia simu mwamuzi: barometa ya mwenzetu mmoja imeporomoka, dhoruba iko njiani. Kanuni ilikuwa hiyo, tangu radi ilipowalaza hospitali wachezaji wawili mwaka uliopita. Barometa moja tu ikishuka alama tatu ndani ya saa moja, mechi hakuna. Watu wakatawanyika. Mtu wa timu kubwa, aliyesafiri siku nzima kuja kumwona binti wa fundi akicheza, akaingia kwenye gari lake akaenda zake.

Na mvua? Hata tone! Jua liliwaka mpaka likazama.

Binti mwenyewe, waliyemwita Nyundo kwa ukali wa mashuti yake, alikuwa amejilaza chumbani, mguu juu ya mto, hasemi na mtu. Kila fundi akichungulia na kumwona vile, alizidi kuchemka. Miaka sita amemfundisha mtoto kupiga kwa mguu wa kushoto, halafu siku yenyewe inapofika, mjinga mmoja anaivuruga kwa kipimo kibovu!

"Mwalimu, taja jina," aliandika.

"Tuyaache, ndugu yangu. Mitambo nayo hukosea."

"Mitambo haikosei. Wanaokosea ni watu."

Dereva wa lori akajaribu kupoza mambo. "Huenda mwenzetu alikihamisha tu. Mimi nilipohamia ghorofani, changu kilitangaza dhoruba wiki nzima, nje kweupe."

"Kwa sababu ulikuwa hujui kitu!" Fundi alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti anachoandika, na sasa alikuwa anapiga kelele kabisa. "Ukipanda juu hewa inapungua, barometa inashuka. Lazima uirekebishe. Hilo nimelisema humu ndani mpaka vikombe vinalijua!"

Mkewe alikuwa mezani hapo hapo, akikunja nguo alizozianua juu ya paa. Jengo lao lilikuwa la ghorofa tisa na wao waliishi chini kabisa.

"Chakula kinapoa, baba Nyundo," alisema.

"Kipoe."

"Na mtoto anataka barafu nyingine ya goti."

"Goti, goti! Tangu Jumatano wimbo ni huo huo. Mchezaji gani haumii? Mama, mambo ya mpira huyajui, niachie mimi."

Mkewe akachukua shati jingine, akalikung'uta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akalikunja.

Fundi akarudi kwenye simu. Sasa alikuwa na mtu wake. "Mwalimu, golikipa wa wale wapinzani si mpwa wako? Mliogopa kufungwa. Hakuna barometa yoyote iliyoshuka. Dhoruba umeitunga wewe!"

Fundi akaona amempata. Akaongeza: "Umelala? Jibu! Au nije hapo kwako tuulizane uso kwa uso?"

Mwalimu akajibu.

"Nilikuwa nakusitiri, fundi. Sikutaka uaibike mbele ya wenzako. Ni kituo namba moja. Kilianza kushuka saa moja na nusu, kikarudi sawa saa mbili na robo."

Kituo namba moja kilikuwa chake.

Aliusoma ujumbe mara tatu. Kisha aliinuka, akaenda kibarazani na tochi ya simu. Barometa ilikuwa juu ya msumari wake, safi, namba zimetulia, haina ufa wala unyevu. Akaigonga kwa ukucha. Nzima. Saa moja na nusu yeye na Nyundo walikuwa uwanjani tayari, mtoto akifungwa bendeji mpya.

Akarudi ndani.

"Nani ameugusa mtambo wangu?"

Mkewe aliweka shati juu ya mengine. Alipoinua uso, fundi akaona kwamba humo ndani hakuwa peke yake mwenye hasira.

"Daktari alisema goti lile likipigwa tena, mtoto hatatembea sawasawa maisha yake yote. Nimekwambia Jumatano, nimekwambia Alhamisi, nimekwambia jana, hukunisikia. Wewe unaisikia barometa peke yake. Basi nikaipandisha juu ya paa ikwambie yenyewe."