Mfano wa Wiki ya Kwanza

Picha ilipotokea ukutani, mhadhiri alitabasamu kama kawaida yake. Alikuwa akiijaribu darasani kozi mpya ya ujasiriamali aliyoibuni, na kila kozi aliyobuni ilianza na picha hiyo: msichana amekaa kwenye cherehani, uzi mwekundu umezungushwa kidoleni.

"Huyu tulimwita Bosi," alisema. "Aliacha chuo mwaka wa pili akaanza kushona mikoba. Nilimwambia thubutu, akathubutu."

Binti wa safu ya mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, ulishawahi kwenda kumwona?"

"Niliahidi kumpelekea darasa zima, wanafunzi arobaini. Kazi zikanibana tu. Miaka minane sasa."

"Ni dada yangu."

Darasa likapiga makofi. Yule binti hakupiga.

"Biashara ilikufa mwaka uleule," akasema taratibu. "Tumemsihi afunge kile chumba cha kushonea, hataki. Kila asubuhi anafagia, anapanga viti arobaini, halafu anakaa kushona. Kitambaa hakuna, mwalimu. Hata uzi hakuna. Sindano inapanda na kushuka tu. Ukimuuliza, anasema, 'Niacheni, wageni wangu wako njiani.'"

Mhadhiri alitafuta kitufe cha kuzima picha. Kidole kikakosea, picha ikakua, ule uzi mwekundu ukajaa ukuta mzima.

Huko nyuma kiti kilikwaruza sakafu. Mwanafunzi mmoja alikuwa amesimama, begi begani. Kisha wa pili. Kisha safu nzima.

"Mwalimu," akauliza yule binti, "na wewe unakuja?"