Keki Iliyofunuliwa

"Nani alikutuma ufunue sufuria yangu, Bi Riziki?"

"Nilisikia harufu, mwanangu. Nikachungulia tu."

"Unachungulia keki? Kwani hayo maharage?"

Mwanaidi alikuwa ameipalia makaa juu na chini, akaenda kumwogesha mwanawe anayetimiza mwaka. Sasa keki ilikuwa imeshapoa kwenye sinia, imebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Na wifi zake, waliokwisha kuutangazia mtaa kwamba mke wa kaka yao hajui hata kukaanga yai, walikuwa njiani.

Bi Riziki, jirani asiyepitwa na chungu cha mtu, alijitanda kanga, akaanza kujiondokea taratibu.

Mtoto akatumbukiza mkono katikati ya keki, akachota, akajipaka mpaka puani, akacheka vijino viwili vikaonekana. Akachota tena.

"Hodi humu ndani!" Wifi hao, mlangoni.

Mwanaidi alimshika jirani yake pindo la kanga.

"Unakimbilia wapi? Ingia, kaa pale mbele yao, uanze kula wewe. Na usipotafuna kwa kutabasamu, bibi wee, leo tutajuana!"