Ndani ya Saa Ishirini na Nne

Maulida alikuwa ameajiriwa kukagua ujumbe wenye mashaka kwenye mchezo mmoja wa watoto wa mtandaoni. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, Maili Moja, juu ya duka la dawa. Saa nane mchana akafungua ujumbe wa mtu mzima kwa mtoto wa miaka kumi na moja.

"Ukitoka shule njoo Maili Moja, nyuma ya duka la dawa. Usimwambie mama."

Dakika chache zilizopita mtoto alikuwa amejibu: "Sawa anko. Nimeshafika."

Maulida akageuza skrini. "Bosi, huyu mtoto yuko hapo chini!"

Msimamizi wake akasoma. "Funga akaunti, andika ripoti. Sheria inatutaka hivyo. Makao makuu watawaarifu polisi."

"Lini?"

"Ndani ya saa ishirini na nne."

Maulida alishuka ngazi mbio, akiwapigia polisi mwenyewe.

Nyuma ya duka alimkuta binti mwenye hijabu nyeupe, peke yake, anamung'unya ubuyu. Midomo yake ilikuwa myekundu.

"Mwanangu, nani kakupa?"

"Anko. Kaenda kuleta gari."

Maulida akamshika mkono. Ulikuwa unanata sukari.

Nyuma yao gari likapiga honi.