Pimbi na Sheria Zake

Hapo kale, ukungu ulipokuwa bado haujajifunza kuondoka asubuhi, Pimbi alichora vijumba juu ya jiwe bapa, akawaalika Kanga na Nungunungu kwenye mchezo wake mpya. Kete zilikuwa magamba ya konokono, nazo ziliteleza kimya kama zinaota.

Kanga alipokaribia kushinda, Pimbi alikohoa. "Dada, nilisahau kukwambia. Kete ya pembeni hairuhusiwi kuruka."

Nungunungu naye alipokaribia, ikazuka sheria nyingine. Pimbi akashinda mara saba, na roho yake ikataka ya nane, maana nje ya jiwe lile hakuwa na sifa yoyote.

"Sheria ni nyingi, kaka," Nungunungu akasema taratibu. "Anayezijua zote ni nani?"

"Ni mimi peke yangu," Pimbi akajivuna.

"Basi wewe ndiwe mwamuzi wetu. Na mwamuzi hachezi."

Kanga akacheka mpaka manyoya yakamsimama. Pimbi akatafuta sheria ya kulikataa hilo, akakuta hakuitunga.

Hata leo ukimwona pimbi juu ya jiwe, ametumbulia macho ukungu, usimhurumie. Anangoja zamu aliyojinyima mwenyewe.